Shindano la uimbaji Lamu: meza ya waamuzi au viti vya makocha?

Baraza_la_Mkomani: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Chama chetu cha vijana kinaandaa shindano la uimbaji katika likizo ya Desemba, na kabla ya Ijumaa tunatakiwa kumlipa mwenye jukwaa na vipaza sauti malipo ya awali, jambo lisilowezekana mpaka tujue jukwaa litapangwaje. Kamati imegawanyika. Wako wanaotaka meza ya waamuzi watatu kama ilivyokuwa katika American Idol na Bongo Star Search, ambapo mtu huimba, huambiwa ukweli, kisha huenda zake. Wengine, nami nikiwamo, tumependezwa na mtindo wa The Voice, ambao makocha humpa mwimbaji mgongo, na aliyevutiwa na sauti hugeuza kiti ili amchukue awe mwanafunzi wake. Naomba mnieleze ni upi unaovutia watazamaji zaidi, na kwa nini.

Bint_Langoni: Wa alaikumu salaam. Swali hili halijibiki jinsi ulivyoliweka, kaka. Hujasema washiriki ni wa umri gani, wataimba taarab au muziki wa kizazi kipya, watapigiwa ala au watafuata muziki uliorekodiwa, wala kama shindano ni la usiku mmoja au la wiki kadhaa. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu kocha asiyepata muda wa kukaa na mwanafunzi wake ni mwamuzi tu aliyekalia kiti cha gharama. Fedha nazo hukuzitaja, ingawa hilo silishangai.

Nahodha_Mstaafu: Mimi nashika meza ya waamuzi na siiachi. American Idol ilimwibua Kelly Clarkson mwaka 2002 na Carrie Underwood mwaka 2005, na hata Jennifer Hudson, aliyetolewa mwaka 2004 akiwa wa saba, alikuja kupata tuzo ya Oscar. Sasa nitajieni mshindi mmoja wa The Voice ya Marekani, kuanzia Javier Colon wa mwaka 2011, ambaye jina lake linatajwa hapa kwetu bila mtu kulitafuta kwanza kwenye simu. Kijana asipoambiwa leo kwamba ametoka nje ya muziki, kesho ataambiwa na watu waliolipa kiingilio, nao hawatamwambia kwa adabu.

Mwalimu_wa_Shela: Mzee wangu Nahodha, hapo umejibu swali jingine. Aliyeuliza hakuuliza ni shindano lipi linalozalisha nyota, bali ni lipi linalowakalisha watu mbele ya televisheni. Tena huyo huyo Kelly Clarkson alikalia kiti cha kocha katika The Voice mwaka 2018, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuona kwamba njia hizo mbili zina uadui.

Kinachovutia katika The Voice si upole wa makocha, kwani katika hatua ya mapambano kocha huwaimbisha pamoja wanafunzi wake wawili, kisha hulazimika kumwacha mmoja mbele ya watu wote, na hilo si jambo la upole hata kidogo. Kinachovutia ni kwamba mambo yamepinduliwa. Makocha wawili au zaidi wakigeuza viti, anayechagua ni mwimbaji, na watu mashuhuri waliozoea kuombwa huanza wao kuomba, kujinadi na kutaniana, huku binti asiyejulikana akiwa amesimama kimya anawapima. Zaidi ya hapo, kuanzia dakika ile kocha ameingia hasara na faida pamoja na mwanafunzi wake. Mwanafunzi akiharibu, kocha naye ameshindwa, na ndiyo maana tunamwamini anapomsifu na tunamwamini zaidi anapomkosoa. Mwamuzi wa mezani hana cha kupoteza. Usiku ule anakwenda kulala vilevile, yeyote atakayeshinda.

Zuhura_Malindi: Naomba niyaeleze yaliyonipata, ili wenzetu wa kamati wapime vizuri. Niliwahi kwenda Mombasa kwenye mchujo wa shindano moja ambalo sitalitaja. Tulipanga foleni tangu alfajiri, tukabandikwa namba kifuani, na zamu yangu ilifika jua likiwa limekwisha kupinda. Nilikuwa nimetayarisha wimbo wa taarab, na sikufika hata mwisho wa ubeti wa kwanza kabla ya mwamuzi wa kati kuinua mkono, si kwa kunitazama mimi bali kwa kumtazama mpiga picha, kana kwamba anahakikisha kwamba chombo kinachukua. Kisha akasema kwamba sauti kama yangu inafaa kuitia watoto chakula, meza nzima ikacheka, nikaonyeshwa mlango.

Kipande kile kilitumiwa katika tangazo la kipindi, kikarudiwa kila jioni. Sokoni kijana mmoja muuza mbatata akawa ananiimbia mstari wangu kwa sauti ya kubana pua kila nipitapo, na mamangu aliacha kwenda upande ule kabisa. Kukataliwa hakukuniuma sana, maana niliokwenda nao karibu wote walikataliwa. Kilichoniuma ni kwamba nilirudi nyumbani bila kujua nilikosea wapi. Baadaye mpiga udi mmoja mzee aliniimbisha mistari ile ile, akanisimamisha, akaniambia: “Umeanza juu mno, na pumzi umeifunga kifuani badala ya kuishusha tumboni.” Ni maneno machache, ambayo yeyote pale mezani angeweza kuyasema kwa muda ule ule alioutumia kunicheka.

Nahodha_Mstaafu: Pole sana, binti yangu. Hata hivyo huo ni utovu wa adabu wa mtu, si kosa la meza. Nanyi mnaosifu ulezi wa makocha mkumbuke kwamba The Voice ilianzia Uholanzi mwaka 2010, na huko huko Uholanzi, Januari 2022, kituo cha RTL kilisimamisha kipindi kutokana na tuhuma za unyanyasaji wa kingono zilizowahusu watu waliokuwa wakifanya kazi ndani yake. Mtu anayetabasamu mbele ya kamera hujui anavyokuwa milango ikifungwa.

Bint_Langoni: Hilo Mzee Nahodha amelisema vyema, na kamati ilichukue kwa uzito. Mazoezi yafanywe mahali pa wazi, na kila msichana awe na mama au shangazi yake aliyeketi pale pale.

Tana_mpaka_Pwani: Mbona mmesahau Tusker Project Fame, ambayo ni ya kwetu Afrika Mashariki? Ilianza mwaka 2006, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Washiriki waliishi pamoja katika chuo, wakafundishwa sauti na namna ya kusimama jukwaani, ilhali kuhukumu kulikuwa kazi ya watu wengine, akiwamo Ian Mbugua, ambaye ukali wake ulikuwa sehemu ya burudani. Aliyefundisha hakuhukumu, na aliyehukumu hakuwa na mtoto wake pale. Kwangu mimi huo ndio mtindo bora kuliko yote miwili, kwa sababu kocha wa The Voice atamtetea wa kwake hata akiimba kama kasuku mgonjwa.

Mwalimu_wa_Shela: Atamtetea, ndiyo, lakini katika hatua za mwisho watazamaji ndio wanaopiga kura, kwa hiyo utetezi wake una mpaka.

Shabiki_wa_Udi: Mnalizungumza jambo la kusikiliza sauti bila kuona sura kana kwamba limeletwa na Wazungu. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na wengi katika pwani hii walimjua kwa sauti tu, bila ya kumtia machoni hata siku moja. Wanaotaka mfano ulio karibu na masikio yetu wautazame mtindo huu ulivyopelekwa katika MBC, televisheni ya Kiarabu, mwaka 2012, wakati waimbaji mashuhuri wa Kiarabu Kadim Al Sahir na Sherine walipokuwa makocha. Nyumbani kwetu bibi yangu, ambaye huuita muziki wa televisheni kelele, alikuwa akigeuka ukutani ili naye asimwone mwimbaji, kisha hupiga goti kwa kofi akiona huyu anafaa, na mara nyingi alimtangulia Kadim.

Tatizo langu ni jingine. Katika taarab mwamuzi ni hadhira: mtu akiguswa huinuka akamtuza mwimbaji hadharani. Mkiweka makocha, kutuza kutaruhusiwa au kutahesabiwa kuwa ni kununua kura?

Baraza_la_Mkomani: Maelezo mliyoyataka ni haya. Washiriki ni wa miaka 14 hadi 20, wataimba taarab na muziki wa kizazi kipya, tutakuwa na kinanda na udi, na shindano litachukua wiki tatu. Mchango wa fedha bado unakusanywa. Liko jambo moja ambalo sikulitaja: wazazi wa wasichana wawili, ambao kwa sauti ndio bora kuliko wote tuliowasikia, wamekubali kwa sharti kwamba watoto wao wasionekane jukwaani.

Bint_Langoni: Hili lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Ikiwa ni hivyo, kugeuza viti vya makocha hakutoshi, kwa sababu hadhira itakuwa inaona. Itabidi pawe na pazia, na likiwekwa kwa wawili hao tu, kila mtu atajua ni nani walio nyuma yake.

Zuhura_Malindi: Basi wote waimbe nyuma ya pazia usiku wa kwanza, wavulana kwa wasichana, na makocha wakae wakitazamana na watu. Hapo sisi watazamaji tutaona nyuso za makocha zikibadilika wakati sauti inapowaingia, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote ninapotazama vipindi hivyo.

Nahodha_Mstaafu: Na fainali je? Mshindi atapokea zawadi akiwa nyuma ya pazia?

Tana_mpaka_Pwani: Kaka yake ataipokea. Mimi naona suala zito zaidi ni makocha wenyewe, maana mpiga udi wa taarab hatamfaa kijana anayeimba kizazi kipya.

Shabiki_wa_Udi: Nani kakwambia? Pumzi ni ile ile. Na swali langu la kutuza bado halijajibiwa.

Baraza_la_Mkomani: Kuhusu viti, kinyozi mmoja wa hapa Mkomani amekubali kutuazima viwili vyake vinavyozunguka, ingawa kimoja hulia sana kinapogeuka. Ikiwa kuna anayemjua kinyozi mwingine upande wa Langoni, tafadhali aniandikie kabla ya Alhamisi, kwa sababu mwenye jukwaa amenipigia simu tena leo na kamati bado haijakubaliana.