Mkufu wa lulu kwa bwana harusi: baba mdogo kagoma, nifanyeje?

Kijana_Kibosho: Wakuu, heshima kwenu. Naoa Desemba hapa Moshi. Mchumba wangu kaninunulia mkufu mfupi wa lulu niuvae na suti, na nimeupenda mno. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya harusi, kasema lulu ni za kina mama, nisiziguse. Sitaki kumvunjia heshima, wala kumwangusha mwenzangu. Hivi lulu zilikuwa za wanawake tangu lini?

Sonara_Arusha: Hongera mdogo wangu. Si tangu zamani. Jahangir, mfalme wa Mughal kule India, alipopona ugonjwa mwaka 1614 alitoboa masikio akavaa lulu kwa heshima ya walii Moinuddin Chishti, na wakuu wake wakamwiga. Uingereza, Walter Raleigh, mtu mkubwa wa ikulu ya Malkia Elizabeth I, yupo kwenye picha ya 1588 na lulu sikioni. Mfalme Charles I alikatwa kichwa Januari 30, 1649 akiwa na hereni yake ya lulu!

Sababu ni bei. Wazamiaji wa Ghuba ya Uajemi walishuka kwa pumzi yao tu, wakapasua chaza kwa mamia kabla ya kupata lulu ya maana. Ikawa alama ya utawala. Baadaye wanaume wa Ulaya wakaacha vito, wakashika suti nyeusi. Huko Japani, Mikimoto alifanikiwa kuotesha lulu ndani ya chaza mwaka 1893, miaka mingi baadaye bei ikaanza kushuka, na wakati huo wavaaji wakubwa walishakuwa wanawake.

Mama_Njiro: Mwanangu, hayo usiyamwage kwenye kikao cha kamati, utamwaibisha mzee mbele za watu. Nenda kwake jioni pamoja na shangazi yako, mweleze kuwa ni zawadi ya mkwe wake. Mwulize pia: morani akikatiza soko la Kilombero na shanga shingoni, nani humwambia kavaa za kike? Akibaki mgumu, kanisani ziwe ndani ya kola, ukumbini uzitoe. Mimi naamini atakubali.

Kijana_Kibosho: Asante sana mama, shangazi namwendea kesho.

Sonara_Arusha: Angalia uzi pia. Kila lulu itenganishwe na fundo, ukikatika zisimwagike zote. Isugue taratibu kwenye jino: ya kweli inakwaruza kidogo, ya bandia inateleza. Na manukato yatangulie, mkufu uvaliwe mwisho.