Yaani mimi ndiye wa kuambiwa nikakague masufuria?

Wakuu, salamu baadaye, nimekuja na moto. Simtaji, mnamjua. Yule mwalimu wa maandalizi ya API 510, anayekohoa kabla ya kila fomula, halafu anasema "hili haliji kwenye mtihani" na ndilo linalokuja. Anayesaka cheti cha ukaguzi wa vyombo vya presha na hajapita mikononi mwake, ashukuru Mungu.

Jioni hii hii, darasa la mtandaoni, tunapiga UG-27, kifungu cha unene wa ukuta kwenye kitabu cha ASME cha vyombo vya presha. Unene ni P (presha) mara R (nusu kipenyo cha ndani), gawanya kwa (SE toa 0.6P); S ni mkazo unaoruhusiwa kwa chuma, E ni ubora wa weldi. Kaandika R ni 600 mm, kutu itakula 3 mm. Nikafungua maiki kwa adabu zangu zote: "Samahani mwalimu, hapo R si iwe 603? Kutu ikishakula upande wa ndani, chombo kinapanuka." Kimya. Akakohoa. Akasema: "Wewe nenda kakague masufuria."

MASUFURIA! Darasa zima! Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka mpaka skrini ikaganda. Kuna mmoja alikuwa hajawahi kuandika neno tangu kozi ianze, leo ndiyo kafufuka ili acheke.

Na kitabu kinasema wazi vipimo kwenye fomula ni vya chombo kilichokwisha kuliwa na kutu. Mimi nasoma UW-12, kifungu cha weldi, mpaka naota E ya 0.85, mtu ananiambia masufuria. Nilikula kimya kimya, sijui nitalala lini. Masufuria jamani!

Kutu_Tupu: Pole mkuu. Ila nimecheka, nisamehe.

Mzee wa Weldi: Kisheria amekosea. Sehemu ya VIII ya ASME haigusi chombo chenye presha isiyozidi psi 15. Sufuria la wali halina mkaguzi. Ulipaswa kumjibu hivyo hapo hapo.

Mwenye uzi: Mzee wangu, maneno yaligoma kutoka! Ulimi ulikuwa MDMT, ile baridi ya mwisho chuma kinayoruhusiwa, chini ya hapo unavunjika.

Bi Geji: Mimi nilikuwepo darasani. Mwambie na ukweli wote, mdogo wangu. Swali la R uliliuliza tukiwa tumeshafika UCS-66, kifungu cha chuma na baridi, watu wanatafuta grafu ya chuma chao, wewe unarudisha gari nyuma.

Mwenye uzi: Dada, aliifungua slaidi ile mwenyewe! Na hata ningeuliza usiku wa manane, ndiyo masufuria?

Kutu_Tupu: Povu hilo. Pumua mkuu, valvu ya usalama itapiga.

Fundi Asiyelala: Nyie mna matatizo madogo. Mimi nalia na mtihani wenyewe. Maswali 170, kati yake 30 hayahesabiwi na huambiwi ni yapi. Lile nililolipigania hadi jasho likanitoka, huenda ni takataka! Halafu ile sehemu ya kuruhusiwa kufungua vitabu, vyenyewe viko ndani ya kompyuta. Unatafuta jedwali moja, macho yanakuuma mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini.

Mzee wa Weldi: Hiyo nayo ni ya kulia? Bosi wangu ameshika ukaguzi wa ndani ya chombo wa kila miaka 10 kama ahadi ya ndoa. Kitabu cha API 510 kinasema nusu ya maisha yaliyobaki AU miaka 10, lile dogo. Chombo kimebakiwa na miaka 8, yeye anasema 10. Nikimwambia 4, ananiuliza kama nataka kufunga kiwanda.

Bi Geji: Kapime tena kasi ya kutu uone, labda hata hiyo 8 ni ya kusifiwa.

Mwenye uzi: Jamani tulikuwa kwenye masufuria.

Fundi Asiyelala: Mzee, na ukaguzi wa nje je? Ule ni miaka 5 au muda wa ukaguzi wa ndani, lile dogo, huyo bosi ameupitisha?

Mzee wa Weldi: Huo hata hajui upo.

Mgeni_Jukwaani: Samahani kwa kuingilia. Geji yangu ya unene kwenye bati jembamba inasoma mara mbili ya unene halisi. Nimeharibu nini?

Bi Geji: Hujaharibu. Bati ni jembamba kuliko proba (kile kichwa cha geji kinachotuma sauti) inavyoweza, inashika mwangwi wa pili. Badilisha proba. Na fungua uzi wako, kaka.

Mgeni_Jukwaani: Asante dada. Proba ya ngapi MHz?