Naomba ushauri: shahada ya uzamili ya picha za mnato Marekani, niende au nibaki Bagamoyo?

JahaziLaPwani: Wakuu, nina studio ndogo hapa Bagamoyo. Kwa miaka minane nimeishi kwa harusi na picha za pasipoti, ingawa moyo wangu uko kwa mafundi wanaokalafati majahazi, yaani wanaoziba nyufa za mbao zake. Kwa picha 20 za mafundi hao nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sanaa ya picha Marekani, miaka miwili, na nusu ya ada nimesamehewa. Je, masomo haya yana faida kwa mtu atakayerudi nyumbani?

MamaDunda: Hongera, mwanangu. Kifungua mimba wangu alikwenda kusoma ng'ambo. Sikumtia machoni kwa miaka sita. Mama yako anasemaje?

Lenzi50: Mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 bila kupita chuo chochote cha sanaa, na leo picha zake zinatundikwa katika makumbusho makubwa. Nunua taa, endelea na kazi. Hiyo nusu nyingine unaitoa wapi?

JahaziLaPwani: Kuna kiwanja Kaole.

Lenzi50: Cha nani?

JahaziLaPwani: Cha marehemu baba. Warithi ni mimi na mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha tatu. Malipo ya awali nimekwisha kuyapokea. Sioni kama nimemdhulumu, kwa sababu huko shahada hii ndiyo ya juu kabisa kwa msanii wa vitendo na humwezesha kufundisha chuoni, nami nikipata kazi nitamsomesha.

Ustadh_Kaole: Mali ya yatima ni amana, ndugu yangu. Tena kama mama yenu yu hai, naye ana thumuni yake, na hukumtaja.

Kinyonga: Naona hii ni chai, umeitunga. Chuo cha Marekani hakikupi hati ya kuombea viza mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, ada pamoja na matumizi. Kiwanja kimoja kitafikia wapi?

JahaziLaPwani: Si chai. Sharti hilo la fedha ndilo lililonifanya niharakishe kuuza, na studio nayo nimeitangaza. Mama yu hai, ila hajui. Picha ya kwanza kati ya zile 20 ni ya baba, akikalafati jahazi lake la mwisho. Kesho mnunuzi analeta salio, na anataka saini ya mama.

MamaDunda: Usingoje kesho. Nenda kwake leo, na hiyo picha ya baba yako umpelekee.

JahaziLaPwani: Shikamoo, mama. Nafunga studio sasa hivi.