Dereva wa basi anapochati njiani, abiria afanye nini?

Msafiri wa Nyanda za Juu:
Wanajamvi, heshima kwenu. Hivi karibuni nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, na tangu tulipoiacha Morogoro dereva alishika usukani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa na simu. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara wakati wowote, alikuwa akisoma ujumbe, akitabasamu, kisha akijibu kwa kidole gumba. Mama mmoja wa siti ya mbele alipomsihi aiweke chini, utingo alimjibu kwamba dereva anaijua kazi yake, nasi wengine tukanyamaza. Je, abiria anaweza kufanya nini bila kuzua ugomvi utakaomvuruga dereva zaidi?

Dereva Mstaafu:
Pole kwa safari, ndugu yangu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde 5 tu, limekwisha kumaliza urefu wa uwanja wa mpira bila mtu wa kuitazama njia. Wengi hawajui kwamba mara nyingi anayepiga ni tajiri mwenyewe, yaani mwenye basi, akitaka kujua gari limefika wapi na limepakia abiria wangapi, na dereva asiyepokea huonekana mjeuri. Kwa hiyo nakushauri mwende watu watatu au wanne kwa kondakta, mumwombe kwa upole aichukue simu hiyo na azipokee yeye simu zote hadi mwisho wa safari. Mtu mmoja hupuuzwa, lakini siti za mbele zote zikisimama na neno moja, ni vigumu kuzipuuza.

Bi. Mkaguzi:
Naunga mkono, ila naongeza kwamba spika za masikioni si suluhisho, kama wanavyodai madereva wengi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hatari ya dereva anayetumia simu kupata ajali ni takriban mara 4 ya ile ya asiyeitumia, na kwamba kuzungumza bila kuishika hakumpi usalama mkubwa, kwa sababu akili ndiyo iliyoondoka barabarani, hata kama macho yamebaki.

Msafiri wa Nyanda za Juu:
Nawashukuru sana. Na kondakta akikataa?

Bi. Mkaguzi:
Andika namba ya gari, saa na mahali mlipo, kisha basi linaposimama kwenye mizani au kwenye ukaguzi, shuka umweleze askari wa usalama barabarani papo hapo, ukiwa na abiria mwenzako wa kuthibitisha. Usingoje kufika Mbeya ndipo urushe video mtandaoni, maana mlima wa Kitonga wenye kona kali bado uko mbele yenu.