Sampuli za mkonge na poliesta zinakatikia kwenye taya za mashine: kosa liko wapi?

Swali

Ndugu wataalamu, salamu. Ninatengeneza mabamba ya resini ya poliesta yaliyoimarishwa kwa nyuzi ndefu za mkonge kutoka Tanga, nikipaka kwa mkono ndani ya kalibu. Nyuzi ni asilimia 30 ya uzito. Nilikata sampuli nane zenye urefu wa milimita 250, upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, nikazivuta kwa mwendo wa milimita 2 kwa dakika. Tano zilikatikia kwenye taya za mashine, na nguvu ya kuhimili mvuto ilitawanyika kati ya megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 38 na 71. Aidha, bamba lina viputo vidogo vya hewa. Nyuzi niliziosha kwa maji na kuzianika juani siku moja. Safari ijayo nafikiria kuchanganya kobalti (kiharakishi cha ugumuaji) na kigumushi cha peroksidi katika kikombe kimoja kabla ya kumimina kwenye resini, ili kuokoa muda. Je, tatizo ni mkonge wenyewe?

Jibu la kwanza

Kabla ya yote, nakusihi usichanganye kobalti na peroksidi moja kwa moja, hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo huchemka kwa ghafla na unaweza kuwaka moto au kulipuka. Koroga kobalti ndani ya resini mpaka ienee kabisa, kisha ndipo uongeze peroksidi.

Kuhusu mkonge, siwezi kuulaumu kwa matokeo haya. Sampuli iliyokatikia kwenye taya imeonyesha jinsi ilivyobanwa, wala haijatueleza nguvu ya bamba. Kiwango cha ASTM D3039, cha kupima nguvu ya mvuto ya mabamba yaliyoimarishwa kwa nyuzi, kinahitaji angalau sampuli tano, na kinataka njia ya kubana ichunguzwe upya ikiwa sehemu kubwa ya sampuli zimekatika ndani ya umbali wa upana mmoja kutoka kwenye taya. Gundisha vipande vya fiberglasi kwenye ncha zote kwa gundi ya epoksi, au angalau weka msasa kati ya taya na sampuli, na uhakikishe kwamba sampuli imesimama wima kabisa. Kingo zilizokatwa kwa msumeno zisuguliwe pia, kwani ufa mdogo wa pembeni hutosha kuanzisha mpasuko.

Jibu la pili

Naungana na mwenzangu, lakini viputo hivyo vinanitia shaka zaidi. Mkonge hunyonya unyevu wa hewani hadi takribani asilimia 10 ya uzito wake, hivyo siku moja ya jua haitoshi, hasa pwani. Kausha nyuzi kwenye oveni ya nyuzijoto 80, ukizipima mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena, na uzitumie siku hiyohiyo.

Vilevile pima kiasi cha hewa iliyobaki ndani ya bamba. Njia ya kuchoma resini, inayotumika kwa fiberglasi, haikufai, maana mkonge nao utaungua. Tumia uzito mahususi, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo: ukichukua mkonge kuwa gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo na poliesta gramu 1.2, bamba lako lisilo na hewa lingekuwa na gramu 1.265 hivi. Lipime hewani, kisha ndani ya maji. Ukipata gramu 1.20, basi asilimia 5 ya ujazo ni hewa tupu, nayo ni nyingi mno.

Mwuliza

Ahsanteni sana. Nimepima kipande kimoja jioni hii, nikapata gramu 1.19. Wazo la kikombe kimoja nimeliacha. Kesho ninaanza na oveni, na bamba jipya nitalibana chini ya uzito wakati resini inapogumu.

Jibu la pili

Vema. Ukilibana, resini itachuruzika na kiasi cha nyuzi kitapanda, kwa hiyo lipime bamba lililokamilika na ukokotoe upya asilimia hiyo kabla ya kulilinganisha na lile la kwanza.