Mtu mzima na gemu, mtu mzima na hadithi za mazimwi: shida iko wapi hasa?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kejeli. Siku hizi mwanaume mwenye kazi na familia akikutwa ameshika pedi ya gemu, au anasoma riwaya ya mazimwi na wachawi, anaambiwa hajakua. Asome vitabu vya biashara, au alale. (Vitabu vya biashara navyo, tusidanganyane, vina mazimwi yake.) Mimi ni mmoja wa hao wasiokua. Watoto wakishalala nawasha gemu, na kwenye daladala sikosi riwaya, nyingi za mitumba, zile za kupangwa chini kando ya barabara pale Posta. Sioni aibu. Ila nina mpaka wangu, na huo ndio nataka tuubishanie.

Kwenye riwaya sitakaa sana. Anayedai visa vya kufikirika ni mambo ya Wazungu alitoroka kipindi cha fasihi. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na wajumbe wake wanatumwa pande zote nne, kisha mbinguni, kisha ardhini. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze: ndugu wawili wanageuzwa manyani, na Adili anatakiwa kuwapiga kila usiku. Kuna mpaka mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Halafu hiyo Kusadikika, pamoja na kuelea kwake, ni kesi mahakamani tangu mwanzo hadi mwisho. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Nionavyo mimi, nchi ilipandishwa angani ili ya huku chini yasemeke. Sasa hapo nani hajakua?

Gemu ndizo zenye kesi. Kwanza tukubaliane kwamba neno "gemu" linabeba vitu visivyofanana hata kidogo. Kuna gemu ya hadithi, unaimaliza, majina ya waliotengeneza yanapita kwenye skrini, unazima TV. Kuna mpira wa PS kwenye banda la mtaani: unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzio, na kelele zote zile ni za watu waliokaa bega kwa bega. Halafu kuna hii ya tatu, ya kwenye simu, ya bure kuipakua, isiyo na mwisho.

Hii ya tatu nimeiona kwa mpwa wangu. Gemu yake ni ya mpira, na kwenye timu yake anataka mshambuliaji mmoja mwenye jina, lakini hauzwi peke yake. Unanunua boksi bila kujua ndani kuna nini. Boksi linatikisika, mwanga unamulika, muziki unapanda, anatoka kipa wa akiba. Analinunua lingine. Hela ni ya vocha aliyopewa na mama yake. Niambieni hilo linatofautiana vipi na mashine za dubwi, zile za kamari zinazomeza sarafu za vijana nje ya maduka. Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka wazi kwamba maboksi ya kulipia ya namna hiyo ni kamari, ikataka yaondolewe. Hao waliona kitu ambacho sisi, kwa kuhangaika na umri wa mchezaji, hatukioni.

China nao walijaribu njia ya saa. Tangu 2021, walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwa maoni yangu hapo wamepima muda na kuacha kinachofanyika ndani ya huo muda. Saa moja inatosha sana kumaliza vocha.

Najua kuna atakayeniletea Shirika la Afya Duniani, kwamba limeitangaza gemu kuwa ugonjwa. Vigezo vyao, vilivyoanza kutumika Januari 2022, vinasema hivi: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata maisha yakiharibika, kwa kawaida kwa miezi 12. Hakuna kigezo cha kuwa na mvi.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja, na limetoka kwa mke wangu: hata hiyo gemu yako yenye mwisho inakula usiku mzima, na asubuhi wewe ndiye unayetafuta funguo za ofisi kwenye friji. Hilo sina jibu lake kamili, zaidi ya kusema riwaya nzuri nayo hunifanyia hivyohivyo na hakuna anayenisema.

Mnaosema gemu zote zipigwe marufuku nyumbani: mnapomnyang'anya kijana simu, huwa mmeangalia kwanza ni gemu gani, na inamdai hela au haimdai?