Naomba ushauri: udongo wa picha ya maua kisimani unapasuka mapema

Wakuu, hasa mlioko Derbyshire, Uingereza. Kijiji chetu kinapamba kisima kwa picha ya maua, yaani petali zinazobandikwa kwenye udongo uliopakwa juu ya ubao, utamaduni ambao kijiji cha Tissington huko Derbyshire huufanya kila Sikukuu ya Kupaa.

Ubao unalowekwa siku kadhaa na una misumari iliyojitokeza kidogo ili ushike udongo. Udongo wa mfinyanzi unakandwa kwa maji na chumvi, kisha unapakwa unene wa sentimita 2 hadi 3. Mchoro unahamishwa kwa kutoboa karatasi na pini. Mistari inafuatwa kwa buni au vikoni vyeusi (matunda madogo makavu) vya mti wa alder. Petali zinapangwa kutoka chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake kama vigae. Anayeanzia juu anayakaribisha maji nyuma ya petali, zinaoza.

Hapo hakuna shida. Shida ni upepo: siku ya tatu kingo zinakauka, udongo unajivuta na kuachana na mbao, ilhali picha inatakiwa idumu wiki nzima.

Je, chumvi iongezwe, na kwa ndoo moja ya udongo ni kiasi gani? Magunia mabichi nyuma ya ubao yanasaidia? Kunyunyizia mbele sipendi, petali zinapata madoa.